Mbuzi wa K'Ogalo ni Nani? Kesi Ilisikizwa Burma

Nilizaliwa 1995, mwaka Gor Mahia, K'Ogalo yetu, ilibeba ligi. Halafu kombe ikahepa. Nikaenda naso, nikaingia prai, nikafika sekondari, ndevu zikaanza kuchungulia, bado. Ikarudi 2013, mwaka ule ule nilichukua kipande. Miaka 18, maze. Kwa hivyo msee akiniita fan wa juzi huwa namcheki tu. Mimi nimengoja hii timu mpaka nikawa mtu mzima.

Sasa Jumapili nikaenda Burma na hiyo kiburi yangu yote.

Kama hupajui, Burma ni pale Jogoo Road, karibu na City Stadium. Ukishuka mat, moshi inakusalimia kabla ya watu. Unachagua nyama ikiwa imening'inia, inapimwa ukiona, inatupwa kwa makaa, halafu unasongezwa kwa benchi na wasee hujawai ona. Siku ya gemu, benchi zote huwa kijani. Sisi tulikuwa saba: mimi, beste yangu wa boda, mathe mwenye huuza maji na skafu nje ya stadi, mase wawili wa Kaloleni, jaduong' mmoja na kofia ya Gor imepauka mpaka inakaa ya jeshi, na mkwe wake. Huyo mkwe ni wa Ingwe, AFC Leopards, damu. Alikuja kwa nyama, hakuja kwa story. Tukamwita shemeji, akaitika bila kuinua macho.

Beste ndio alizua. "Tangu timu ianze," akasema, "nani ndio mbuzi wa K'Ogalo?"

Mkataji akasimama na kisu. "Mguu ama mbavu?"

Nikaruka nayo haraka. Olunga. Kwani kuna swali? 2015, mabao 19 kwa ligi, na timu ikamaliza msimu mzima bila kuchapwa hata gemu moja. Akatoka akaenda Sweden, akaenda China, akatua Girona kule La Liga akadunga tatu gemu moja. Halafu Japan. Novemba 2019, Kashiwa Reysol ilipiga Kyoto Sanga 13-1, na kwa hizo 13, nane ni za Olunga. Nane, bana! Mwaka uliofuata akafunga 28 kwa ligi kuu ya huko na wakampa uchezaji bora wa msimu. Video nilikuwa nayo. Nikaweka simu katikati ya meza, kando ya chumvi, ijitetee yenyewe.

Jaduong' akacheki yote, mos mos, mpaka mwisho. Akapangusa mafuta kwa vidole, akanirudishia simu.

"Nyathina, hao wanapiga makofi ni watu wa wapi?"

"Wajapani."

"Basi Wajapani wakikalia nyama yao, wamtaje."

Mase wa Kaloleni wakaanguka kwa kicheko. Lakini mzae hakuwa amemaliza na mimi. Akaniambia swali ni ya Gor, kwa hivyo nimletee ya Gor. Na ya Gor ni msimu mmoja tu. Na hata huo msimu, kiatu cha dhahabu kilienda Tusker kwa Jesse Were. Hiyo nilikuwa nimeisahau. Sawa, nilikuwa nimejifanya nimeisahau.

Hapo nikashtuka tunabishana kesi mbili kwa meza moja. Kuna kuuliza ni msee gani mkali zaidi amewai vaa hii jezi, na kwa hiyo sitasonga: Olunga, funga faili. Halafu kuna kuuliza ni nani aliipea Gor kitu haingepata bila yeye. Cheki Meddie Kagere. Alitupea mabao hapa, akavuka Simba, akawa mfungaji bora wa Tanzania misimu miwili mfululizo. Ukienda kumdai, watu wa Msimbazi watakuuliza risiti. Jacques Tuyisenge alifunga Everton pale Dar 2017, gemu ya kirafiki, Rooney akiwa upande ule mwingine. Video tumeiangalia mpaka imechoka, lakini kombe gani ilitoka hapo? Dan Sserunkuma naye namweka juu ya hao wote wawili, na sitaki maswali, ju yeye alikuwa ndani wakati ule ukame wa miaka 18 uliisha. Msee mwenye alikuletea maji ukiwa na kiu, hata akikuwa wa Uganda, unamkumbuka na kikombe yake.

"Umeanza kuongea," jaduong' akasema, akavuta sahani ya kachumbari.

Nyanya akazipanga upande ule: hao ni Esperance ya Tunis, ju wao huvaa nyekundu na njano. Pilipili za kijani akazipanga huku: Gor. Chumvi ikawa goli. "1987," akasema, na meza yote ikanyamaza, hadi jirani zetu.

Fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika. Tunis ikaisha 2-2. Marudiano ilikuwa Kasarani, na Kasarani ilikuwa mpya, imefunguliwa mwaka huo huo kwa michezo ya All-Africa. Ikaisha 1-1. Hesabu ya mabao ya ugenini ikatupea kombe. Austin Oduor, yule waliitanga Makamu, ndio kapteni alilibeba. Mpaka leo hakuna klabu ingine ya Kenya imewai shika kombe ya CAF. Na kwa wasee wetu wa Yanga pale Jangwani, pole jo: hesabu hiyo hiyo ya ugenini ndio iliwanyima 2023 na USM Alger. Sisi ilitubeba, nyinyi ikawamwaga.

Peter Dawo ndio alimaliza hiyo mashindano akiwa mfungaji bora wa Afrika nzima. Jaduong' akachukua pilipili moja ndefu. "Huyu ndio Dawo. Anaanzia hapa, mbali, kama mtu hajaitwa. Nyinyi mnadhani kichwa ni urefu. Kichwa ni kujua mpira itashukia wapi kabla ya yule ameupiga."

Halafu akasimama. Huyu ni mzae ana goti mbovu, huwa anashuka mat kwa awamu. Akashika bega langu na mkono moja, akaruka. Maze, hakufika mbali, labda upana wa vidole viwili. Lakini shingo! Shingo ilivutika nyuma kaa feya, ikabaki hapo sekunde, ikarudi. Kofia ikatoka ikaangukia kachumbari ya benchi ya nyuma. Hakuna mtu aliitisha msamaha na hakuna aliombwa. Msee mmoja wa benchi ya nyuma akaipangusa, akaileta na mikono mbili.

Nimeona Olunga akifunga nane kwa skrini. Sikuwai sikia nywele zikisimama vile zilisimama nikiona mzae akipiga kichwa boli haipo.

"Na 1979?" beste akauliza. Yeye huwa hana huruma.

"Kula nyama."

"Canon Yaoundé, jaduong'. Fainali. Ya huko kwao ilikuwa sita."

"Nimesema kula nyama."

Msee mmoja wa Kaloleni alikuwa amekula beki mbili za Esperance bila kujua, kwa hivyo kesi ya Tunis ikafungwa hapo.

Kumbe hata Dawo sio namba moja ya mzae. Dawo kwake ni mtoto. Wake ni Allan Thigo, yule waliitanga 90 Minutes, wa ile Gor ya miaka ya sabini. Gor ilizaliwa 1968, Luo Union na Luo Stars zikishikana, na mwaka huo huo ikabeba ligi. 1976 ikabeba tena bila kupoteza gemu, kwa hivyo hata hiyo 2015 yangu nilikuwa naringa nayo ni marudio. Thigo, kwa maneno ya jaduong', alikuwa anatembea na boli vile mtu anatembea na mtoi wake sokoni: haangalii chini, na haipotei.

Nikatoa simu kumtafuta. Nikapata picha: wasee wamesimama laini mbili, afro kubwa, kaptura fupi, mikono imekunjwa. Ya mguu ukigusa boli sikupata. Sasa hiyo utaipinga aje? Siwezi kubali, siwezi kataa. Dawo nimemwona kwa shingo ya mzae, Thigo nimemwona kwa mdomo yake tu, na siku huyu mzae akinyamaza sijui nitampata wapi tena. Ju ya hiyo nikaacha kumkatiza. Nikaongeza soda.

Chumvi lazima iko kwa story ya mzae, najua. Timu yenyewe imebeba jina la Gor wa Ogalo, mganga wa Kanyamwa mwenye watu walisema anafanya miujiza. Ukitarajia mafans wa mtu kama huyo wapige story kavu, utangoja sana.

Lakini kuna ushahidi moja mimi naamini kuliko mabao: jina la kupachikwa. Hii timu haikupi jina bure, na majina yenyewe yana tarehe ndani. Sammy Owino akaitwa Kempes, ju ya yule Muargentina wa Kombe la Dunia 1978. Bobby Ogolla, beki, akaitwa Six Million Dollar Man, kutoka kwa ile sinema ya tivii ya mtu wa vyuma. Abbas Magongo ni Zamalek. Nahashon Oluoch ni Lule. William Ouma ni Chege, na ujaribu kueleza mgeni vile straika wa Gor anaitwa Chege. Halafu inafika enzi zetu, George Odhiambo anaitwa Blackberry. Hiyo simu imekufa, madukani haipo, lakini ukisema "Blackberry" pale Jogoo Road hakuna mtu anafikiria simu. Olunga wanamwita Engineer ju alisomea uinjinia. Fiti, lakini hiyo ni jina ya kuweka kwa barua ya kuomba kazi. Watu wa terasi hawakukaa na yeye muda ya kumtafutia ingine.

Mathe wa maji alikuwa amenyamaza hiyo time yote akihesabu sarafu. "Nyinyi mnataja wafungaji tu," akasema. "James Siang'a alikuwa kipa. Akamaliza kudaka, akawa koch, akaenda Dar na Simba ikatoa Zamalek, Zamalek ya Misri, 2003. Makamu alikuwa beki, na ndio alishika kombe. Lakini ju hawakufunga, nyinyi wanaume hamwoni."

Hakuna mtu alijibu. Tulikuwa tumeongea lisaa lizima na beki wa kwanza kutajwa kama mchezaji, si kama mtu wa kubeba kombe ama jina ya kuchekesha, ametajwa na mathe wa maji.

Kwa karatasi yangu, basi, na naiandika hapa ju kule sikuthubutu: Dawo wa kwanza. Makamu wa pili, mathe alinimaliza. Thigo namwachia kiti wazi. Olunga anakuja baada ya hao, na najua mbogi yangu ya mtaa itanitoa kwa grupu. Blackberry simpangi kabisa. Huyo ni wa roho. Alizunguka nje, akarudi, na nilikuwa kwa ukuta nikipiga kelele mpaka kesho yake nikaenda wera bila sauti, supavaiza akadhani namnyamazia.

Sasa shemeji. Tukibishana, huyu jamaa alikuwa amemaliza mbavu zote, akahamia mguu. Akapangusa mikono na karatasi, akanyoosha kidole bado inang'aa mafuta, akaelekeza upande wa ukuta wa stadi.

"Hiyo stadi mmeimbia maisha yenu yote," akasema, pole pole, "siku hizi inaitwa nani?"

Kimya.

2019, Joe Kadenge alipoaga, City Stadium ilipewa jina lake. Kadenge wa Abaluhya. Kadenge mwenye Mambo Mbotela alimtangaza kwa redio mpaka jina na mpira zikawa neno moja. Mtu wa Ingwe kutoka nywele hadi njumu, na sisi hapo, saba kasoro moja, tumevaa kijani, tukichagua mbuzi wetu kwa kivuli chake.

Mathe wa maji ndio alianza kucheka. Jaduong' akavaa kofia yake yenye kachumbari, akaita mkataji.

"Bili," akasema, "ni ya huyu mkwe wangu."