Je, Wajua? Nyoka wa Majini na wa Madhabahuni

Je, wajua kwamba maji ya dawa yaliyowaingiza Wangoni wa Songea katika vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani mwaka 1905 yalihusishwa na nyoka? Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyeyagawa, alisema amepandwa na Hongo, pepo wa majini aliyesadikiwa kuwa nyoka. Kule Uluguru, pepo Kolelo naye alisadikiwa kuwa nyoka mkubwa wa pangoni.

Je, wajua kwamba dawa hiyo ililetwa Ungoni na Omari Kinjala, akaifikisha kwa Nkosi (mtawala) Chabruma? Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wengi wa Kingoni mjini Songea. Leo sanamu za mashujaa hao zimo katika Makumbusho ya Maji Maji, mtaa wa Mahenge.

Je, wajua kwamba nyoka wa Wahindu naye ni wa majini? Mungu Vishnu huchongwa amelala juu ya Shesha, nyoka mwenye vichwa vingi anayeelea baharini. Katika hekalu la Padmanabhaswamy, Thiruvananthapuram, sanamu hiyo ni ndefu hata hutazamwa kupitia milango mitatu: mmoja uso, wa pili kitovu, wa tatu miguu.

Je, wajua kwamba nyoka anayeonekana shingoni mwa mungu Shiva ni Vasuki? Masimulizi ya Kihindu yanasema miungu na mashetani walimzungusha kwenye mlima Mandara kama kamba, wakavutana huku na huku kuisukasuka bahari, wakitafuta kinywaji cha kutokufa.

Je, wajua kwamba si kila sanamu yenye nyoka ni ya Kihindu? Parshvanatha, mwalimu wa 23 wa Wajaini, hutambulika kwa vichwa vya nyoka vilivyomkinga juu ya utosi, mara nyingi saba. Hekalu lake la marumaru nyeupe lipo Mombasa tangu 1963.

Je, wajua kwamba nyumbani sanamu ya nyoka huweza kuenea kiganjani? Ni fira mdogo wa shaba, shingo ameitanua, amejizungusha kwenye jiwe la Shiva na kuliinamia kama mwavuli. Jiwe humwagiwa maji na maziwa, naye hulowa pamoja nalo.

Je, wajua kwamba ibada nyingine haihitaji sanamu kabisa? Wahindu wengi wa Tanzania asili yao ni Gujarat, na huko, siku ya Nag Pancham, yaani sikukuu ya nyoka, akina mama humchora nyoka ukutani, pale panapowekwa mitungi ya maji. Humtolea kuler: unga wa uwele uliokandwa kwa samli na sukari guru.

Je, wajua kwamba siku hiyo ya nyoka Wahindu wengi hawalimi wala kuchimba, wasije wakamjeruhi? Huangukia kati ya Julai na Septemba. Wakati huo Songea ni kiangazi, India ni masika, na mafuriko huwatoa nyoka mashimoni hadi majumbani.

Je, wajua kwamba kusini mwa India huchongwa mawe ya nyoka wawili waliosokotana? Jiwe hulowekwa kwanza majini, kisha husimamishwa chini ya mwarobaini au mti wa jamii ya mkuyu. Wengi wanaoyaweka ni wanawake wanaoomba mtoto.

Je, wajua kwamba Buganda nako waliomba mtoto kwa nyoka? Selwanga, chatu wa Bulonge huko Buddu, karibu na Ziwa Viktoria, alikuwa na nyumba yake na mwanamke wa kumnywesha maziwa kila siku. Mmisionari John Roscoe aliyaandika hayo mwaka 1911.

Je, wajua kwamba maziwa si chakula cha nyoka? Tumbo lake haliyawezi. Anayeonekana akiyanywa sikukuu mara nyingi amenyimwa maji siku nyingi na wachezesha nyoka. Sheria ya wanyamapori ya India ya 1972 inakataza kuwakamata, hivyo waumini wengi sasa humimina maziwa juu ya sanamu.

Je, wajua kwamba India ndiyo inayoongoza duniani kwa vifo vya kugongwa na nyoka? Watafiti wanakadiria watu milioni 1.2 walikufa hivyo kati ya 2000 na 2019. Wa jiwe hagongi, wa shambani hugonga. Ukigongwa, usichanje wala usikaze kamba: tuliza kiungo, wahi hospitali.