Mkeka Wako ni Mali

Ndugu msomaji, labda sasa umekaa juu ya mkeka. Nani aliusuka? Mama mmoja alikata ukindu, akauanika, akauchemsha na rangi. Akasuka ukili, kisha akaushona. Alifanya kazi hiyo siku nyingi.

Je, aliuuza kwa bei gani? Mara nyingi mchuuzi huja na bei yake. Mama hukubali, maana siku hiyo ana shida ya fedha. Tuseme ukindu na rangi ni shilingi 8,000. Naye auza mkeka kwa shilingi 10,000. Jasho lake limempa shilingi 2,000 tu!

Afanye nini? Apate fedha za kuanzia, ili asiuze kwa shida. Fedha hizo zipo. Sheria iliyopitishwa mwaka 2018 yazitaka halmashauri za Tanzania Bara zikopeshe vikundi. Katika kila shilingi 100 za mapato yake ya ndani, halmashauri hutenga shilingi 10. Shilingi 4 ni za wanawake, 4 za vijana, na 2 za watu wenye ulemavu. Mkopo huu hauna riba. Mkikopa shilingi 500,000, mtarudisha shilingi 500,000.

Wengi hudhani mikopo hii ni ya wafuga kuku na wenye maduka tu. Sivyo. Msuka mikeka, mfinyanzi wa vyungu na mchonga vinyago nao ni wazalishaji.

Fanyeni hivi:

1. Undeni kikundi cha watu mnaoaminiana. Kiandikisheni.

2. Fungueni akaunti ya kikundi benki.

3. Mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Atawaonyesha njia ya kuomba.

4. Mkipata fedha, msigawane. Nunueni ukindu na rangi kwa pamoja. Pelekeni mikeka sokoni kwa pamoja.

Mkopo si zawadi. Mwaka 2023 mikopo hii ilisimamishwa. Vikundi vingine havikurudisha fedha, na vingine vilikuwa vya uongo. Ilianza tena mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Usiporudisha, unamnyima jirani yako.

Ndugu msomaji, wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Kikundi kinakuhitaji. Shika daftari. Andika mlichonunua, mlichouza, na mlichorudisha. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.