Plagi ya pikapu katika ukanda wa dhahabu

Kabla ya kuulizia plagi dukani, mwenye pikapu aangalie kwanza gari lake linakunywa nini. Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, zinazofahamika sana kwenye barabara za migodini, ni za dizeli. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda, wala haihitaji cheche. Kazi ya plagi zake ni kupasha moto tu wakati wa kuwasha gari. Tunachokichambua hapa ni injini ya petroli, na mfano wetu utakuwa Hilux ya zamani yenye 22R ya lita 2.4, inayolishwa na kabureta.

Plagi ina kazi mbili. Ya kwanza kila dereva anaijua: umeme wa koili huruka pengo lililo kati ya elektrodi mbili na kuwasha mchanganyiko wa hewa na petroli. Ya pili husahaulika, nayo ni kuondoa joto kwenye ncha ya plagi na kulipeleka kwenye silinda hedi. Ncha isipofikia nyuzijoto 450 hivi, masizi hayaungui. Hujikusanya juu ya kauri na umeme huvujia humo badala ya kuruka pengo. Ikipita sana nyuzijoto 800, ncha hugeuka kaa linalowasha petroli kabla ya wakati wake, na hapo pistoni inaweza kutoboka.

Ndiyo maana plagi hutengenezwa kwa viwango tofauti vya joto. Kiwango cha joto ni kasi ambayo plagi hulitoa joto lake. Plagi yenye kauri ndefu upande wa ndani hulitoa polepole, nayo huitwa plagi ya moto; yenye kauri fupi hulitoa haraka, ni plagi ya baridi. Majina hayo hayasemi lolote kuhusu ukali wa cheche, na anayenunua plagi ya moto akitegemea gari lipate nguvu atarudi nyumbani mikono mitupu.

Chukua boksi lenye maandishi BPR5EY, plagi ya NGK inayoingia kwenye 22R. B ni uzi wenye kipenyo cha milimita 14. P ni kauri iliyochomoza. R ni kizuizi kinachopunguza kelele kwenye redio. E ni urefu wa uzi, milimita 19. Mfupi zaidi huacha nafasi ya masizi, mrefu zaidi unaweza kugongwa na pistoni. Y ni mfereji uliochongwa kwenye elektrodi ya kati. Tano ndicho kiwango cha joto. Kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion ni kinyume chake. Muuzaji akikupa plagi ya kampuni nyingine kwa kulinganisha namba kwa macho, amekubahatishia.

Sasa tuitazame nchi yenyewe. Ziwa Viktoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Geita, iliyo kwenye ukanda huu wa dhahabu, iko juu kuliko ziwa. Kwenye mita 1,200 kanieneo ya hewa ni pungufu kwa asilimia 13 hivi ikilinganishwa na Dar es Salaam. Kabureta iliyopimwa pwani haijui hilo. Inaendelea kumimina petroli karibu ileile kwa hewa iliyopungua. Mchanganyiko unazidi petroli, na plagi zinatoka nyeusi. Kiangazi vumbi la barabara za changarawe huziba chujio la hewa na kuzidisha tatizo.

Fundi anayeziona plagi hizo nyeusi hushawishika kushusha namba kutoka 5 hadi 4 ili ncha ipate moto wa kuunguza masizi. Kwa wiki kadhaa huenda akaonekana amepatia. Lakini gari hilohilo kesho litapakia viroba vya mawe kutoka duarani, yaani shimo la machimbo, na kupanda kilima kwa gia ya kwanza hadi kwenye karasha, mashine ya kuponda mawe. Hapo ndipo joto la silinda hupanda, na plagi iliyofanywa ya moto haina mahali pa kulipeleka.

Rangi nayo isomwe kwa wakati wake. Ukifungua plagi baada ya injini kuunguruma muda mrefu bila mwendo, zote zitakuwa nyeusi. Ifungue baada ya safari yenye mzigo, injini ikishapoa. Kahawia hafifu ni afya. Nyeusi kavu ni petroli iliyozidi. Nyeusi yenye ulowevu wa oili ni ringi au sili za valvu. Nyeupe yenye malengelenge ni joto lililopita kiasi.

Kwa hoja hizo, naona namba 5 ibaki. Kinachopaswa kubadilika ni jeti za kabureta, zishushwe kulingana na mwinuko, na chujio lisafishwe mara nyingi kuliko kitabu kinavyosema. Pengo lipimwe kwa fila geji, milimita 0.8, kwa sababu elektrodi huliwa kila siku, na pengo lililopanuka hukosesha cheche kwanza pale gari linapopanda na mzigo. Plagi za nikeli zibadilishwe kila kilomita 20,000, au mapema zaidi kwa gari la machimboni. Za iridiamu hudumu mara kadhaa ya hapo, ila kwenye injini inayotoa masizi huziba kama za nikeli, na bei yake ndiyo inayowavuta watengenezaji wa bandia. Uzi uliochongwa vibaya, elektrodi iliyokaa upande na maandishi yanayofutika kwa kidole vinatosha kukufanya uirudishe kaunta.