Kuchakaa, Kuzeeka na Kuchuja: Kuzisikiliza Upya Santuri Zilizopendwa

Nyimbo za dansi zilizopigwa katika Afrika ya Mashariki tangu miaka ya 1950 hadi miaka ya 1980 zina majina mawili. Nchini Kenya huitwa zilizopendwa, na nchini Tanzania huitwa zilipendwa. Tofauti ni silabi moja tu, lakini kwa mwanasarufi si ndogo. Zilizopendwa ina kirejeshi, na kwa hiyo ni kishazi tegemezi: chasubiri maneno mengine yakikamilishe, na hadi hapo hakisemi kama nyimbo hizo zingali zapendwa au zimeachwa. Zilipendwa ni sentensi nzima. Imekwisha kutoa hukumu, na hukumu yenyewe iko katika wakati uliopita. Bila shaka wasemaji wa Tanzania hawalitumii neno hilo kwa kuzidharau nyimbo. Wengi wao huzisikiliza kuliko wanavyokubali. Hata hivyo mwaka 2017 wasanii wa WCB Wasafi walipoutoa wimbo wao uitwao Zilipendwa, walicheza na maana hiyohiyo ya jambo lililopitwa na wakati. Makala haya yanalishughulikia swali ambalo umbo la Kenya limeliacha wazi: santuri iliyopendwa ikisikilizwa tena baada ya miaka arobaini au hamsini, ni kitu gani hasa kilichobadilika?

Kiswahili chenyewe chasaidia kulijibu, kwa kuwa kina vitenzi vitatu ambavyo aghalabu huchanganywa. Kitu cha kutumiwa, kama mkeka au kiatu, huchakaa. Chenye uhai huzeeka. Nguo ya rangi huchuja, na kutoka katika nguo kitenzi hiki kimehamia kwa waimbaji: husemwa kwamba mwanamuziki fulani amechuja, yaani rangi iliyowavuta watu imemtoka. Sahani ya santuri huchakaa, mwimbaji huzeeka, na wimbo huchuja au hukataa kuchuja. Msikilizaji asemaye kwamba rekodi fulani “imezeeka” mara nyingi hajui ni lipi kati ya mambo hayo matatu alilolisikia.

Mfano wa msikilizaji unaotumika hapa ni mkaaji wa Embulbul. Embulbul ni kituo cha biashara kilichoko kando ya barabara ya Ngong, mtu akiisha kuipita Karen na kabla hajafika mji wa Ngong, katika kaunti ya Kajiado. Hapana studio huko, wala si pwani. Lugha za nyumbani ni nyingi, Kimaasai na Kikuyu miongoni mwake, na Kiswahili ndicho cha dukani, cha kituoni na cha matatu za nambari 111 ziendazo Nairobi. Msikilizaji wa namna hii hakuzipokea nyimbo za dansi pamoja na maziwa ya mama. Zilimjia kwa redio ya Sauti ya Kenya, kwa kinanda cha jirani, na baadaye kwa kaseti; na zilimjia katika lugha aliyokuwa akijifunza. Ikumbukwe kuwa Kiswahili hakikuwa somo la lazima la kutahiniwa katika shule za msingi za Kenya hadi ulipoanzishwa mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985. Kabla ya hapo, santuri ilikuwa mwalimu asiyelipwa wa vijana wengi wa bara.

Yafaa kuanza na kuchakaa, kwa sababu ndiko kunakoonewa zaidi. Neno albamu, kama litumikavyo leo, huwapotosha wanaozihukumu rekodi hizi. Bendi za Nairobi hazikuingia studio kutunga mkusanyo wa nyimbo kumi zenye kufuatana kama sura za kitabu. Zilirekodi wimbo mmoja kwa ajili ya sahani ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika, ambayo upande wake mmoja hauchukui zaidi ya dakika nne au tano hivi bila sauti kufifia. Sahani kubwa ilifuata baadaye, nayo mara nyingi ilikuwa kapu la sahani ndogo zilizokwisha kuuzwa. Kuilaumu kwa kukosa umoja ni kulilaumu kapu kwa kutokuwa chungu.

Ufupi huo wa sahani ndogo uliathiri umbo la wimbo wenyewe. Wimbo wa dansi una sehemu mbili: ya kwanza ni ya taratibu, ambamo mwimbaji hutoa kisa chake, na ya pili ni chemko, ambayo wanamuziki wa Kongo huiita sebene, ambamo magita huchukua uwanja na wachezaji hupata walichokijia. Kwa kuwa mambo hayo mawili hayakuenea upande mmoja, wimbo ulikatwa: kisa upande wa kwanza, chemko upande wa pili. Msikilizaji wa miaka ya 1970 alilazimika kuinuka na kuigeuza sahani pale hasa moyo ulipoanza kupanda. Matoleo ya baadaye huziunga pande hizo mbili, na mara nyingine kiungo husikika, sauti ikififia na kurudi ghafula. Wengine hukata upande wa pili wote. Asikiaye toleo lililokatwa na kusema kwamba wimbo “haufiki popote” amesema kweli juu ya nakala aliyo nayo, wala hajasema lolote juu ya wimbo.

Liko pia suala la mwendo. Sahani iliyokusudiwa kuzunguka mara 45 kwa dakika ikinakiliwa kwa mashine inayozunguka mara 46, wimbo wote hupanda kwa kadiri ya thuluthi moja na zaidi kidogo ya nusu-toni. Hilo ni dogo. Mashine ikikimbia kwa karibu asilimia sita, wimbo hupanda nusu-toni nzima, dansi huharakishwa, na mwimbaji mwenye sauti nzito husikika kama kijana. Kaseti zilizonakiliwa kutoka katika kaseti nyingine, ambazo ndizo zilizoenea zaidi biashara ya santuri ilipodidimia mwishoni mwa miaka ya 1980, zilikuwa na kasoro hiyo pamoja na ya kuipoteza besi. Ndiyo maana yule wa Embulbul anayeshuka njiani kwenda soko la Kenyatta, ambako santuri kuukuu zingali zauzwa, mara nyingine hurudi na sahani yenye mikwaruzo iliyo na besi kuliko nakala safi aliyoizoea.

Juu ya kuzeeka hapana mengi ya kusema. Mbaraka Mwinshehe, aliyekuwa na Morogoro Jazz kisha Super Volcano, hakupewa muda wa kuzeeka: alifariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979, na santuri zilizotolewa baadaye kwa jina la Ukumbusho zimemfanya kila amsikilizaye aanze kwa huzuni ambayo nyimbo nyingi zenyewe hazina. Ndugu wawili wa Tanga walioiongoza Simba Wanyika mjini Nairobi, George na Wilson Kinyonga, walifariki mwaka 1992 na 1995. Kifo cha mwimbaji huipandisha rekodi yake kwa muda, na hukumu itolewayo katika muda huo si ya kutegemewa.

Kuchuja ndilo jambo lenyewe. Hapa lugha hushuhudia waziwazi kuliko gita.

Chukua wimbo Shauri Yako, uliotungwa na Nguashi N’timbo na kuenezwa sana na Super Mazembe, bendi iliyotoka Kongo, ikapitia Zambia na kufika Nairobi mwaka 1974. Mwalimu wa sarufi ataanza na jina. Shauri, wingi wake mashauri, lahitaji lako. Yako ni upatanisho wa ngeli nyingine. Kwa miaka mingi wasomi walilitaja jina hili kama mfano wa Kiswahili kibovu cha bara na cha Kongo kilichokuwa kikiharibu masikio ya watoto. Lakini ukisikiliza tena, pamoja na kuwasikiliza watu wanavyosema, yaonekana kwamba kuna maneno mawili. Shauri lako, aghalabu, ni ushauri ulioutoa au jambo lako lililo mbele ya wazee. Shauri yako ni onyo: mwenyewe utajua, mimi sikuhusiki. Hata msemaji mwenye kuchunga ngeli zake, akikasirika, husema yako. Wimbo haukuiharibu lugha, uliirekodi. Kosa lililodhaniwa kuwa doa limekuwa miongoni mwa sababu za wimbo huo kutochuja.

Sina Makosa wa Les Wanyika, bendi iliyoundwa mwaka 1978 na wanamuziki waliojitenga na Simba Wanyika, umedumu kwa sababu tofauti. Wengi waliokuwamo walikuwa Watanzania, na Kiswahili chao kilikuwa chepesi, kisicho na nakshi na kisichokosea. Kisa chenyewe ni cha mtu anayejitetea mbele ya mwenzake anayemchukia kwa shuku isiyo na msingi. Neno makosa hubeba maana mbili kwa pamoja, ile ya mahakamani na ile ya baina ya marafiki, na mwimbaji haichagui hata moja. Chini yake besi haiongezi kitu isichotakiwa, na gita la solo halimkatizi msemaji. Ukipigwa leo katika matatu, kijana aliyezaliwa miaka ishirini baada yake huufuata neno kwa neno. Si nyimbo nyingi zinazoweza kudai hivyo.

Malaika una historia ya kusikitisha zaidi. Fadhili William aliurekodi, na toleo lililotoka studio ya Equator ya Charles Worrod jijini Nairobi ndilo lililoufungulia wimbo njia. Utunzi wake ulibishaniwa kwa miaka mingi, wengine wakimtaja Adam Salim. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuimba katika santuri yao ya mwaka 1965, na Boney M. wakaufuata mwaka 1981. Kisha ukaingia hotelini. Kwa kuimbiwa wageni kila jioni, pamoja na Jambo Bwana wa Them Mushrooms, umekuwa kama pambo la ukutani, na wenyeji wengi hawausikii tena hata ukiimbwa. Hapa ndipo kuusikiliza upya kunapolipa. Msikilizaji wa Kajiado akiyaacha matoleo ya hotelini na kurudi kwenye lile la Fadhili William, hukuta jambo asilokuwa amelitazamia: malalamiko ya kijana asiye na mali ya kuolea. Katika nchi ambako posa hutajwa kwa idadi ya ng’ombe, na ambako vijana wengi leo hawana ng’ombe wala mshahara, maneno hayo hayana ukale wowote. Kilichochuja ni matumizi yake.

Zipo zilizochuja kweli, na upendo wa utotoni usizifiche. Nyimbo nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilimtwika mwanamke lawama zote za mji: yeye ndiye aliyekimbia shamba, yeye ndiye aliyezila fedha za mwanamume. Gita laweza kuwa zuri kiasi gani, lakini msikilizaji aliyewahi kumwona dada yake akilea watoto kwa kuuza mboga kando ya barabara hatacheka tena pale alipochekea zamani. Ni halali kuupenda ufundi na kuukataa usemi. Isiyo halali ni ile desturi ya vipindi vya redio ya kusema kuwa ya kale ni dhahabu, kana kwamba kila kilichokaa sandukuni ni dhahabu.

Hukumu hii ya maneno hukosekana mara nyingi katika matoleo ya ng’ambo. Mkusanyo uliotolewa Uingereza na Earthworks mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambao ndani yake mna Shauri Yako, uliitwa Guitar Paradise of East Africa, yaani pepo ya magita. Jina hilo si la uongo. Lakini asiyeelewa Kiswahili hukadiria wimbo kwa chemko, na huihesabu sehemu ya taratibu kuwa mlango wa kuingilia tu. Kumbe kwa mkaaji wa Embulbul huko ndiko kisa kiliko, na chemko ni ruhusa ya kwenda kucheza baada ya kuelewa. Makadirio haya mawili hayawezi kulingana, na si lazima yalingane.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba maneno ndiyo yote. Maroon Commandos, bendi ya wanajeshi wa kambi ya Lang’ata, ambao Amka Kumekucha wao uliwaamsha wananchi waende kazini, walipata sifa kubwa zaidi kwa Charonyi ni Wasi, wimbo ambao haukuimbwa kwa Kiswahili bali kwa Kitaita. Ulinunuliwa na watu wa kila kabila, walio wengi wakiwa hawajui neno hata moja la lugha hiyo. Maneno yasiyoeleweka hayawezi kuchuja masikioni mwa asiyeyaelewa. Yanabaki vilevile yalivyoingia, sauti tu, pamoja na tarumbeta. Mtaita akiusikiliza upya huwa na kazi ya ziada. Yeye ndiye anayeweza kusema kama maneno yake yangali na rangi, na katika magari ya Ngong hana wa kubishana naye.