Hospitali yenye jina la mama

Mtu wa Kirolirwe anajua maana ya njia kufungwa wakati mgonjwa yuko mu tipoyi. Ndivyo ilimupata mama Biamba Marie kule Kinshasa, mama aliyelea watoto wengi. Watu walikatazwa kutembea usiku juu ya vita, hakufika ku hospitali, akafariki. Mtoto wake, Dikembe Mutombo, alikuwa Marekani, mchezaji mkubwa wa basketi.

Dikembe, mrefu wa mita 2,18, aliondoka kwetu mwaka 1987 akiwa na nia ya kusomea udaktari ku chuo kikuu cha Georgetown. Basketi ikamuchukua: misimu 18 mu NBA, na mara 4 alichaguliwa mlinzi bora. Wengi wanamukumbuka juu ya kile kidole alikuwa anatikisa kisha kuzuia mupira. Miye namukumbuka juu ya kitu ingine. Alitoa mu mfuko wake dola milioni 15 ili Masina, palepale Kinshasa, ijengwe hospitali ya vitanda 300. Ilianza kupokea wagonjwa mwaka 2007. Inaitwa Biamba Marie Mutombo.

Dikembe naye alifariki tarehe 30 Septemba 2024, na miaka 58. Wagonjwa wa Masina bado wanaingia pale.