Mashahidi wanne wa chini ya udongo

Hapa Bunia na vijijini maneno juu ya mali iliyo chini ya ardhi hayaishi. Huyu anasema petroli iko chini ya shamba fulani, yule anasema zahabu. Kwa maneno hayo watu wanauza mashamba na majirani wanachukiana. Ni vema tujue namna wataalamu wa mawe wanavyopata kujua kitu ambacho hakuna jicho limekiona.

Njia ya hakika ni kutoboa. Mashine inashusha bomba lenye meno ya almasi, linakata mwamba na kutoa kipande cha mviringo kama fimbo. Vipande vinapangwa ndani ya masanduku, kila kimoja na kina chake. Kwa kawaida tabaka la chini ndilo la zamani zaidi.

Katika bonde kubwa la katikati ya nchi yetu, lenye zaidi ya kilomita mraba milioni moja, matundu marefu yanayojulikana ni manne tu: Samba (1955) na Dekese (1956), yote karibu mita 2,000, kisha Mbandaka na Gilson (1981), kila moja zaidi ya mita 4,000. Hata hayo hayakufika kwenye mwamba wa msingi. Ndani ya mawe ya Dekese kuna alama za barafu iliyokuwa hapa karibu miaka milioni 300 iliyopita. Hesabu hiyo haipunguzi utukufu wa Muumba.

Lakini kati ya tundu na tundu kuna mamia ya kilomita. Wataalamu wanaunganishaje? Kwanza wanalinganisha rangi ya mawe, chembe zake na mabaki ya mimea. Wanayalinganisha pia na mawe yanayoonekana juu, kama kando ya mito ya Lindi na Aruwimi, upande wa Kisangani. Aruwimi ni mto wetu Ituri ukiisha kushuka, na kundi la chini la matabaka hayo linaitwa Kundi la Ituri. Pili, wanatikisa ardhi kwa mshindo na kupima mwangwi unaorudi kutoka kila tabaka. Kazi hiyo ilifanyika miaka ya 1950 na ya 1970.

Ndipo ramani inachorwa. Penye tundu, mstari wa ramani ni ushuhuda. Kati ya matundu ni makisio yenye sababu, na wataalamu wenyewe wangali wanabishana juu ya umri wa matabaka ya chini.

Kumbukumbu la Torati 19:15 inadai mashahidi wawili au watatu kabla neno halijathibitishwa. Basi mtu akija kutuambia kilicho chini ya shamba letu, tumuulize: mlitoboa wapi? Mita ngapi? Vipande viko wapi, na nani mwingine amevichunguza? Akikosa jibu, tusitie sahihi, tusiuze, na zaidi ya yote tusimwage damu ya jirani kwa ajili ya jiwe ambalo hakuna aliyeliona.