Mabuti ya Ngozi Shambani: Yatunze, Ila Usipulizie Dawa Nayo

Wiki hii mbegu na mbolea tuziweke kando kidogo, tuangalie miguuni.

Masika imeingia huku kwetu mlimani, na vijana wengi wameshuka Memorial pale Moshi kuchukua mabuti ya mtumba, yale magumu ya ngozi wanayovaa wapanda mlima. Uamuzi mzuri. Kifundo cha mguu kinashikwa, mwiba haupenyi kirahisi, na kwenye mteremko wa matope soli inang'ata. Shida ni kwamba buti linanunuliwa kwa hela nzuri, linavaliwa msimu mmoja, na kufika mavuno ngozi imepasuka kama jaruba la kiangazi. Halafu mtu anasema ngozi za siku hizi ni feki.

Tuanzie hapo hapo sokoni. Mabuti mengi ya mlima yana sponji ngumu katikati ya ngozi na soli ya chini, na mara nyingi sponji hiyo ni ya poliyurethani. Kitu hiki huvunjwa polepole na unyevu wa hewani hata kama buti limekaa ndani ya boksi bila kuvaliwa. Ndiyo maana unakuta buti linang'aa kama jipya, unalivaa siku mbili, soli inamomonyoka kama mkate mkavu. Bonyeza sponji kwa kidole gumba, kisha kunja buti mara kadhaa. Ukiona nyufa, ungaunga au kitu kinachonata, mrudishie mwenyewe. Ukikuta lililoshonwa soli kwa uzi, hilo shikilia, maana fundi viatu anaweza kulifumua na kulishona soli nyingine.

Sasa matunzo. Ngozi ni nyuzi nyuzi zilizolainishwa na mafuta. Kila ikilowa na kukauka, mafuta hayo yanapungua, nyuzi zinakuwa kavu, na pale unapokunja vidole ndipo panapoanza kupasuka. Tope la mfinyanzi likikaukia juu yake linafanya mambo kuwa mabaya zaidi kwa sababu linanyonya unyevu wa ngozi. Kwa hiyo ukitoka shamba, jioni ile ile, piga brashi na futa kwa kitambaa chenye maji. Usisahau kwenye mishono na chini ya ulimi wa buti. Siku uliyoweka mbolea ya viwandani au chokaa, au uliyoshinda kwenye zizi, futa kwa uangalifu zaidi: chumvi ya mbolea, ukali wa chokaa na mkojo wa ng'ombe vinakula ngozi na uzi.

Kukausha ndiko kunakoua mabuti mengi kuliko kazi yenyewe. Yanawekwa pembeni ya mafiga yakauke upesi, au juani kwenye bati. Ngozi iliyolowa ikipata moto inasinyaa na kuwa ngumu, na gundi ya soli inalegea. Toa kamba, toa soli ya ndani, jaza magazeti makavu, weka kivulini penye upepo. Baada ya saa moja au mbili badilisha magazeti, maana yameshanyonya maji, kisha badilisha tena asubuhi na jioni. Inaweza kuchukua siku mbili au zaidi. Ndiyo, najua kesho unaenda shamba. Ukiniuliza mimi, pea mbili za bei ya kati unazobadilishana zitakufaa kuliko moja ya bei kali unayoivaa kila siku ikiwa mbichi.

Yakikauka kabisa ndipo upake mafuta. Kiwi ya dukani inang'arisha, lakini ngozi iliyokauka sana inahitaji zaidi ya kung'aa. Wenye mizinga mna bahati: yeyusha kipimo kimoja cha nta ya nyuki na viwili vya mafuta ya ng'ombe yaliyochujwa, yasiyo na chumvi. Weka kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto, siyo juu ya moto wenyewe, kwa sababu nta hushika moto. Ikipoa, paka kidogo kwa kitambaa, sugua, acha usiku mzima, asubuhi futa yaliyobaki. Mafuta ya kupikia yataoza na kunuka. Oili chafu ya gari nayo wekeni mbali, inaharibu mshono na inakugusa mguu. Ngozi ile yenye manyoyamanyoya isipakwe kabisa, piga brashi tu.

Ukiona ukungu wakati wa mvua, changanya siki na maji nusu kwa nusu, futa, kausha. Na kabla ya kuvaa yakung'ute, nge anapenda humo.

Sasa lile la muhimu. Wiki iliyopita nimekuta kijana kwenye nyanya, bomba mgongoni, suruali ameichomeka ndani ya mabuti ya ngozi. Anajiona amejikinga kweli kweli. Ngozi hunywa dawa kama inavyokunywa maji, na ikishaingia haitoki kwa kufua. Kila ukivaa, joto na jasho la mguu vinairudisha kwenye mwili wako, hata siku ambayo hupulizii. Na suruali iliyochomekwa inageuka mfereji wa kuteremshia dawa ndani.

Kupulizia ni gambuti, suruali nje ya buti, bila ubishi. Ukimaliza, osha gambuti kwa sabuni ukiwa bado na glovu mikononi. Soma pia lebo: utepe mwekundu ni sumu kali sana, wa njano unafuata, kisha wa bluu, halafu wa kijani.

Kama mabuti yako ya ngozi yameshalowa dawa ya wadudu, hayo yamekwisha kazi. Usimpe kibarua wala mdogo wako. Yakate kwa kisu ili asije mtu akayaokota, usiyachome, na muulize afisa ugani wa kata yako pa kuyapeleka.